Nyumba Isimooza Samaki

Kila asubuhi Mwanajuma hospitalini alifungua mlango wa mashine ya gesi ya kuulia vijidudu na kutoa mirija ya plastiki na mipira ya kupumulia, vifaa ambavyo vingeyeyuka vikichemshwa. Ukutani yalibandikwa masharti: washa feni, subiri gesi itoke, vaa barakoa. Feni ilikuwa imekufa. Barakoa ilikuwa moja, na chujio lake lilikwisha kitambo. Kusubiri hakukuwezekana, maana daktari alikuwa akigonga dirisha kudai vifaa vyake. Hivyo Mwanajuma alibana pumzi, akaingiza mikono.

Mumewe, Mfaume, alinunua kamba Salale na kuwauza Kibiti, mjini. Safari moja alishikwa na malaria, ndoo ya kamba ikasahaulika chumbani. Alipopata nafuu, juma la pili, aliwakuta wabichi kama waliovuliwa asubuhi ile. Aliwauza, na hakuna aliyelalamika. Tangu hapo hakununua tena barafu. Majirani nao walileta samaki, maziwa, hata mchuzi uliobaki kwenye futari. Mwanajuma aliwasogezea nafasi chini ya kitanda. Ilijulikana kwamba pumzi yake haiachi kijidudu.

Mimba yake ya kwanza ilitoka mwezi wa Ramadhani. Ya pili ilitoka akiwa kazini. Alikaa kidogo, akaendelea. Ilipotoka ya tatu, Mfaume alichukua mpunga wa mbegu uliokuwa chumbani, akaumwaga kwenye tope nyuma ya nyumba. Haukuota hata mmoja.

"Mke wangu, iache kazi hiyo."

"Nikiiacha tutakula nini? Shamba si limechukuliwa na mafuriko?"

Mbegu mpya Mfaume alikwenda kuiweka kwa mama yake, Salale. Msimu wa kupanda ulipokwisha, naye akabaki hukohuko.

Mwanajuma alikwenda kwa matroni Zamda.

"Shikamoo, matroni."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Naomba mnihamishe, hata nikafue mashuka. Au itengenezwe feni. Mimba tatu zimenitoka."

Zamda alimtazama kwa huruma. Yeye pia alianzia kazi chumba kile cha gesi, wala hakujaaliwa mtoto. "Feni niliiomba kabla wewe hujaajiriwa," alisema. "Nitaiomba tena."

Badala ya feni, kilikuja kiti. Mashine ilikuwa imeharibika, na wakubwa, waliokwisha kusikia habari za samaki, waliamua Mwanajuma akae chumba cha upasuaji avipulizie vifaa. Vidonda vilipona bila usaha. Mkaguzi alipofika aliisifu hospitali kwa usafi. Mwanajuma akamuuliza kuhusu feni.

"Feni ya nini tena?" mkaguzi alisema. "Si itapeperusha pumzi yako?"

Mashine ilipotengenezwa, Mwanajuma hakurudishwa. Huko kwenye upasuaji alikuwa anahitajika zaidi. Chumba cha gesi alipewa Hafsa, bibi harusi ambaye hina ilikuwa bado haijamtoka mikononi. Mwanajuma ndiye aliyetumwa kumfundisha. Alifunga mlango, akamweleza yote: mimba, mpunga, mume aliyekwenda Salale. Hakumficha neno.

Hafsa alisikiliza mpaka mwisho. Nyumbani kwao alikuwa na mama mgonjwa, na mumewe hakuwa na kazi.

"Ahsante, dada," alisema. "Glavu zinakaa wapi?"

"Zilikwisha," alisema Mwanajuma.

Hafsa akakunja mikono ya gauni lake.