Wimbo Uliokatwa kwa Makofi

Marehemu dada yangu Sidonie aliandika maneno, mimi nikatunga muziki wa sauti na piano. Aliandika beti mbili, kifua kikuu kikamchukua kabla ya ubeti wa tatu. Sikutaka mtu mwingine aumalizie. Mwimbaji anafika mwisho wa ubeti wa pili, ananyamaza, na piano inabaki peke yake kuimba ubeti ambao Sidonie hakuuandika. Kurasa mbili nzima. Huo ndio wimbo wenyewe. Yaliyotangulia ni njia tu ya kufika hapo.

Paris hii wimbo hauchapishwi bila kupita kwanza kwenye sebule ya mtu mkubwa. Mimi nilikuwa mpiga piano kwenye sebule ya Bi de Brésolles, kila Ijumaa alasiri: yeyote anayejiona ana sauti anaimba, nami nipo nyuma yake. Ijumaa moja alialikwa Bwana Garrigou, mchapishaji. Akiupenda wimbo wetu, jina la Sidonie lingechapishwa. Sikuwa nikitaka kitu kingine duniani.

Wa kuimba alikuwa Anselme Courtial, mwenye sauti nene, tamu, na anajua kuwa anayo. Sebuleni watu humtazama mwimbaji, hawaitazami piano. Akisimama tuli, wananyamaza. Akilegeza bega tu, wanapiga makofi. Kwa hiyo kwenye mazoezi nilimsihi.

"Ukimaliza maneno usitikisike, Anselme. Mpaka nitoe mikono kwenye piano."

"Kurasa mbili? Nisimame pale kama niliyesahau maneno?"

"Simama kama mtu aliyefiwa."

"Haya, bibi, haya. Kwa ajili yako nitakuwa jiwe." Akanibusu mkono, mnafiki yule.

Aliimba vizuri. Ningependa kusema aliboronga, lakini ningekuwa mwongo. Akafika mwisho, akanyamaza. Nikaanza ubeti wa tatu, polepole, kwa sauti ya chini kabisa. Sebule kimya. Nikadhani tumefaulu. Kisha mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akajifuta machozi, na Anselme akamwona. Machozi yale yalimshinda nguvu. Akainama kupokea sifa.

Makofi yakalipuka. Niliendelea kupiga. Viti vikaburutwa, vikombe vikagongana, mtu akauliza kama keki za lozi zimebaki. Nilipiga mpaka noti ya mwisho, na mimi mwenyewe sikuisikia.

Bwana Garrigou akanijia, kisahani mkononi.

"Wimbo mzuri, bibi. Ila haujaisha. Unakatika hivi hivi."

"Umeisha, bwana. Nyinyi mlikuwa mnapiga makofi."

"Kumbe ile piano ya kusindikizia watu wakiinuka vitini? Aa, ile kata. Tafuta mshairi anayejulikana aongeze ubeti, Courtial apate pa kupandishia sauti. Uniletee, nitachapisha. Jina la huyo mshairi litauza."

"Na dada yangu je?"

"Ndiye aliyeandika? Yuko wapi, nimsalimie."

Nilitamani kumpiga na kile kisahani chake. Kabla sijafungua mdomo, Bi de Brésolles akanishika bega.

"Honorine, mpenzi, leo umetutoa machozi ya kutosha. Hebu tupigie waltzi, tucheze."

Nilizikunja karatasi za Sidonie, nikazikalia, nikapiga waltzi. Walicheza mpaka noti ya mwisho kabisa, ndipo wakapiga makofi.