Pembe Nne Juu ya Kilima

Watu wanasema Paskalia ni mbishi. Ni kweli, mimi ni mbishi, na nisingekuwa mbishi hapa mlipokaa mngekuta mashimo matupu.

Ilikuwa wakati wa Mdachi. Machimbo ya ulanga yalikuwa yameshakula kilima cha jirani chote. Ulanga ni yale mawe yanayometameta, unayabandua karatasi kwa karatasi, ukiweka moja machoni unaona ng'ambo. Nilifanya kazi huko mwaka mzima, nikibeba na kuchambua, kwa hiyo nilijua macho ya wale wazungu yakianza kutazama kilima chetu maana yake ni nini.

Siku moja akapanda Akida Salehe, mtu wa pwani aliyewekwa na boma la Morogoro atutawale. Alifika anahema, jasho linamtiririka, akatukusanya.

"Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa boma, amesema hivi," akatangaza. "Ardhi isiyo na nyumba ni pori, na pori ni mali ya serikali."

Nikamwuliza, "Akida, na hizi tunazolala ndani yake ni nini?"

"Hivyo vya duara ni vibanda. Nyumba ina pembe nne, urefu mita nane, upana mita tano, na madirisha mawili ya kuingiza mwanga. Masika yakiisha Bwana Shauri atakuja mwenyewe na kitabu chake. Atakayekutwa hana nyumba atahamia chini barabarani, na hapa patachimbwa."

Ebo! Misonge yetu, tuliyozaliwa humo sisi na bibi zetu, leo ni vibanda! Nilisikia damu inanichemka.

Mjue kwamba kwetu Waluguru ardhi ni ya lukolo, ukoo wa mama. Mama yangu amezikwa hapa kilimani, na bibi yangu, na mama wa bibi. Baada yangu pangekuwa pa binti yangu Bernadeta. Lakini msemaji wa ukoo ni mwanamume. Mjomba wetu alikuwa ameshafariki, na nafasi yake aliishika mdogo wangu Severini. Na Severini alikuwa mwoga, Mungu anisamehe. Wiki haijaisha akawa anapita mlango kwa mlango: fungeni mizigo, hameni mapema, mpate viwanja vizuri. Watu wakamsikiliza. Nyumba sita zikahama.

Akaja kwangu. "Shikamoo dada."

"Marahaba. Sihami."

"Hata sijasema neno!"

"Nimekuokolea pumzi."

Akakaa chini, akajishika kichwa. "Dada, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu ni langu, Severini. Wanataka nyumba ya pembe nne? Nitawajengea ya pembe nne, na nitaijenga hapa hapa."

Akacheka. "Wewe? Mwanamke anakandika udongo, hasimamishi nguzo. Na hakuna mwanamume wa ukoo huu atakayekusaidia, nimewakataza."

Lile neno lilinichoma kuliko amri ya Mdachi. Mdachi hakunyonya ziwa moja na mimi.

Sasa mita ningeipata wapi? Akida Salehe alipokuja tena kuangalia nani amehama, alikuwa na fimbo yake ya boma iliyokatwa sawasawa mita moja. Alikuwa haiachi, kama mtu na mguu wake. Nikamkaribisha kwa adabu zote, Bernadeta akamwekea mkungu mzima wa ndizi mbivu. Fimbo aliiegemeza ukutani nyuma yake. Mimi nikapita nyuma na kamba ya mgomba, nikaipima, nikafunga fundo. Nikapima tena, fundo tena, mpaka yakatimia manane. Akida akashukuru kwa ndizi, na mimi nikamshukuru kwa moyo mweupe kabisa.

Tukakata nguzo, mimi na mwanangu. Tukachimbia, tukafunga fito. Pembe zilinisumbua siku mbili, nyumba inaenda upande, mpaka nikakumbuka mkeka. Mkeka ukitaka kujua umenyooka, unapima kona hadi kona, kisha kona zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, mkeka umekaa. Nikapima nyumba kama mkeka, ikakaa.

Halafu nikafanya ujinga. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona paa la aina moja tu, lile la duara lililochongoka juu. Basi nikaezeka la duara juu ya kuta za pembe nne! Sikuona kasoro yoyote. Nikarudi nyuma nikaitazama, nikajisifu. Pembe zote nne zilikuwa zimechomoza nje ya nyasi, mimi naona ni mapambo.

Masika hayakunionea haya. Usiku wa tatu pembe ya upande wa bonde ikalowa, asubuhi ikaporomoka yote, tope mpaka mlangoni. Severini alipita na wenzake wakasimama kutazama.

"Dada, hiyo ni nyumba au uyoga?" akauliza, na wale wenzake wakaangua kicheko.

Nililia. Sitawadanganya, nilikaa kwenye lile tope nikalia mpaka Bernadeta akaogopa. Nilimwona mama yangu anachimbuliwa na sururu kwa sababu mwanawe hajui kuezeka. Nikamaliza kulia, nikapangusa kamasi, nikachukua panga nikashuka kwenye mianzi.

Sikulibomoa paa. Nilipasua mianzi mibichi, nikaikunja, nikaifunga kutoka kwenye paa hadi nje ya kila pembe, nikashusha nyasi juu yake mpaka zikafunika pembe na kupita. Hakuna fundi aliyenifundisha. Ndani pembe nne, nje paa la bibi yangu. Mvua ikanyesha wiki mbili mfululizo na ukuta haukulowa.

Yakabaki madirisha. Ukiacha tundu wazi huku juu kilimani, ukungu unaingia na kulala nanyi. Nikaenda machimboni, kule wanakotupa ulanga mdogo usiofika ukubwa wa kiganja, unaojaa mtoni bure. Nikajaza vikapu viwili. Nikatoboa vipande vile kimoja kimoja, nikavishona kwa ukindu katikati ya vijiti vya mianzi. Jua likichomoza, ndani kwangu palikuwa peupe, na baridi imebaki nje.

Bwana Shauri akaja, na askari wanne, na Akida, na Severini nyuma yao kama msemaji wa ukoo. Akapima urefu. Nane. Upana. Tano. Akatazama paa, akatazama pembe, akakuna shingo, akatazama paa tena. Kisha akagusa dirisha.

"Huu ni ulanga wa machimbo," akasema. Kiswahili alikijua. "Umeiba."

Askari wakasogea. Nikachomoa kipande kimoja, nikamwambia, "Bwana, nipe mkono wako." Akautoa, sijui kwa nini. Nikakiweka kiganjani mwake, kikabaki katikati, hakikufika kwenye vidole. "Sheria ya machimbo, usiofika kiganja ni takataka. Viko mia na zaidi. Pima vyote, mimi nina siku nzima."

Akapima vitano. Akaacha. Akafungua kitabu, akaandika, akamsomea Akida kwa sauti: nyumba moja, ina watu, ardhi si pori.

Ndipo akatabasamu. "Kazi nzuri, mama. Utashuka Morogoro unitengenezee madirisha kama haya kwangu. Manane."

"Sitaki."

Akida Salehe akaziba mdomo. Bwana Shauri akadhani hakusikia. "Unasemaje?"

"Umeniita mkaaji wa pori, umeniita mwizi. Sasa unaniita fundi. Mikono unayo, bwana, jitengenezee."

Nilipewa siku kumi na nne za kufagia barabara ya boma, chini ya askari. Nilizifagia zote, na kila siku nilijua kwamba nyumba imeshaandikwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika.

Siku ya kumi na tano nikapanda kilima. Karibu na nyumba yangu nikakuta nguzo mpya zimesimama, na Severini katikati yake, tope mpaka kwenye nyusi. Nguzo zote zilikuwa zimelala upande.

"Shikamoo dada," akasema. Hakunitazama. "Kile kitabu kimeandika nyumba yako peke yake. Wameanza kuchimba kule mwisho wa kilima. Nifundishe."

Nilimtazama sana. Nilitaka kumtukana, nilikuwa nimeyaandaa matusi siku kumi na nne, mengine mapya kabisa. Nikayameza.

"Sikufundishi wewe peke yako," nikamwambia. "Shuka barabarani. Wale wote uliowahamisha, nenda ukawaombe radhi mlango kwa mlango, kama ulivyowafukuza. Uje nao."

"Watanitukana, dada."

"Acha wakutukane."

Akanawa mikono, akashuka.