Dakika Nne za Dada

Mimi ndiye niliyeiandika ile saa ya kompyuta, kwa hiyo lawama zote nitupieni mimi.

Maabara yetu ya saikolojia ilikuwa ikipima woga. Mshiriki alikaa peke yake mbele ya kompyuta, kwenye chumba kisichopitisha sauti. Sehemu ya kwanza alisoma orodha ya maneno. Sehemu ya pili skrini na taa zilizimika, akakaa gizani dakika nne, na kila alipoogopa alibonyeza kitufe. Sehemu ya tatu taa ziliwaka, akaulizwa maneno anayoyakumbuka. Programu yangu ilihesabu muda wa kila sehemu, kisha ikafungua inayofuata. Watu thelathini na tisa walishapita, na kwa kila mmoja faili lilionyesha dakika nne kamili za giza, bila sekunde kuzidi. Nilijisifu kwelikweli. Mwenye akili timamu angejiuliza.

Mtu wa arobaini hakutokea. Mkuu wetu, tuliyembandika jina la Usifungue kwa wimbo wake wa kila siku kwamba mlango wa chumba hicho usifunguliwe jaribio likiendelea, alitaka data siku hiyohiyo. Nikampigia simu dada yangu mkubwa, akaja.

Dada anaogopa giza. Utotoni aliwahi kufungiwa stoo watu wakamsahau, na tangu siku hiyo halali taa ikiwa imezimwa. Nilijua vizuri. Badala ya kumwambia arudi nyumbani, nikamtania.

"Dakika nne tu, dada. Utu uzima wote huo unaogopa giza?"

"Una maneno wewe! Utakuwepo hapo nje?"

"Nipo mlangoni. Siendi popote."

Giza lilianza saa tano na dakika tano asubuhi. Kompyuta yangu ya nje ilipoonyesha sekunde arobaini, nikaenda kuchemsha chai, mimi niliyesema siendi popote. Njiani nikakutana na karani, tukapiga soga. Niliporudi, skrini ilisema sekunde sita.

Nikadhani macho yananidanganya. Nikatazama saa ya ukutani: saa tano na dakika ishirini na mbili. Nikarudi kwenye skrini. Mbili. Sifuri. Moja. Sifuri.

Niliukumbuka mstari mmoja wa programu yangu. Nilitaka kujua kila woga umekuja sekunde ngapi baada ya uliotangulia, kwa hiyo kila kitufe kilipobonyezwa, saa ilianza upya. Na saa hiyohiyo ndiyo niliyoiagiza ifike dakika nne ndipo taa ziwake. Wenye moyo mgumu walibonyeza mara mbili tatu, wakachelewa kidogo, wakatoka. Aliyeogopa kweli asingetoka kamwe.

Nilishika kitasa, na bado nikasita. Sifichi aibu hiyo. Kichwani nilimsikia Usifungue akisema data zitaharibika, nami nikageuka kuangalia skrini mara moja tu.

Sifuri zilikuwa zimekoma. Saa ilikuwa inapanda: saba, nane, tisa. Sijawahi kuogopa namba maishani kama nilivyoiogopa ile kumi.

Nikafungua mlango, nikawasha taa. Kiti kilikuwa kimeanguka. Dada alikuwa chini ya meza, amekumbatia kibodi, amelowa jasho. Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe, lakini hakikuwa na nguvu tena. Nikapiga magoti.

"Dada, nisamehe. Kwa nini hukutoka?"

"Nimepapasa kuutafuta mlango nikaukosa." Alinitazama kama mtu anayejaribu kunikumbuka. "Si ulisema uko hapo nje? Nilijua nikibonyeza unaona. Nilikuwa nakuita."

Jioni nililifungua faili lake. Saa yangu haikuwa na lolote la maana, lakini kila mbonyezo ulihifadhiwa. Dada aliniita mara mia nne na kumi na mbili.