Jina Lililobaki Kwenye Mashine

Mwaka ule wa tisini na sita, duka la kupiga chapa pale Ndia Kuu lilikuwa na kompyuta moja tu, na Swabaha ndiye aliyeikalia. Kadi za harusi, matangazo ya mazishi, yote yalipita mikononi mwake. Faraj, mwenye duka, alikuwa ameiandikia mwenyewe programu ya kupangia kazi za wateja: ukibonyeza kitufe kimoja, jina lajipanga kila mahali linapotakiwa.

"Nimelitengea mahali pake, Bi Swabaha. Ukiliandika mara moja, umemaliza."

"Na likishatumika laenda wapi?"

"Lipo tu. Lakungoja."

Swabaha hakulipenda lile jibu. Tangu hapo kila karatasi iliyotoka aliisoma mwenyewe kabla haijatolewa nje.

Siku hiyo alikuwa akitengeneza kadi ya harusi ya Tsuma bin Kazungu, kijana wa kiwanda cha barafu huko Liwatoni, mwana wa jirani yake Mbodze. Kadi haijesha, wakaingia jamaa wa marehemu Mzee Dzoro wa Tudor. Maiti azikwa alasiri, wataka matangazo ya kubandika kwenye milango ya misikiti, upesi. Swabaha akafungua karatasi nyingine kando ya ile kadi, akaandika Dzoro. Kwenye kioo palisomeka Dzoro. Akaiamuru mashine ichape, na papo hapo adhuhuri ikaadhiniwa. Akaenda kuswali chumba cha nyuma.

Aliporudi, jamaa walishaondoka mbio na karatasi zao bila kuzisoma. Moja ilikuwa imekwama kwenye mashine. Akaivuta.

Tsuma bin Kazungu amefariki dunia.

"Faraj! Umefanyani?"

Faraj akasoma, akajikuna shingo. "Lile jina nililipanga liwe la kompyuta nzima, si la karatasi moja moja. Wakati wa kuchapa mashine hulichukua lile la kwanza. Haijali karatasi ni ipi."

"Kimbia misikitini ukabandue. Mimi naenda kwa Mbodze."

Mbodze alikuwa na presha. Mwanawe mkubwa alimzika mwaka uliopita, na Tsuma ndiye aliyebaki. Swabaha alishika buibui lake mkononi akaenda mbio hadi Kibokoni, akimwomba Mungu habari isimtangulie. Mlangoni akakuta viatu vya wanawake, vingi.

"Mbodze, mwanao mzima! Ni kosa la mashine!"

Mbodze alikuwa ameketi mkekani, macho makavu. "Hata kwa nduguye mliniambia hivyo. Aumwa kidogo, yuko hospitali, atatoka. Kumbe mwakosha maiti yake."

"Wallahi ni mzima."

"Usiape, Swabaha. Nambie tu kafia wapi."

Wanawake wakainamisha vichwa. Kila mmoja wao alishawahi kuletewa msiba kwa maneno laini kama hayo. Swabaha akatoka, akaingia duka la jirani, akapiga simu Liwatoni.

"Nimekufa mimi?" Tsuma akacheka. "Basi nitilieni pilau yangu kando, nisije nikakosa hitima yangu."

"Wacha mzaha, mwanangu. Njoo mamako akuone kwa macho yake. Njoo sasa hivi!"

Alikuja na mabuti yake ya mpira, yangali yakitona maji. "Mama, ni mimi."

Wanawake wakapiga kelele. Mbodze akainua uso, akamtazama. Mkono wa kulia ukanyooka kumpokea. Wa kushoto haukuondoka mapajani. Akafungua kinywa amwite, kinywa kikaenda upande, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu aitaye mwanawe.