Sekunde Tatu za Besi

Kila mwaka tuzo za muziki hutenga dakika moja na nusu kuwakumbuka wanamuziki waliofariki. Picha thelathini, kila moja sekunde tatu, kwaya ikiimba jukwaani. Ukiongeza hata moja, kwaya inanyamaza na marehemu bado wanapita. Mwaka huu aliyezipanga ni mhariri wa picha wa kituo cha televisheni, na ya kumi na saba ilikuwa ya mdogo wake.

Mdogo wake walimwita Besi kwa sababu ya gitaa lake la besi. Nusu ya nyimbo zilizokuwa zikigombea tuzo alizipiga yeye, ila kamera zina adabu yao: humkodolea macho mwimbaji na viuno vya wachezaji. Kwa miaka kumi na minne mama yao alimtafuta mwanawe kwenye televisheni, akaambulia kiwiko. Ndiyo maana maneno yalimponyoka mhariri, akampigia mama simu wiki moja kabla: safari hii Besi ataonekana, uso mzima. Mama akautangazia mtaa.

Saa mbili kabla ya matangazo, habari zikaja kwamba mwimbaji mmoja maarufu amekata roho hospitalini. Mtayarishaji wa kipindi, mwanamke mwenye haraka zake ambaye hakujua Besi ni ndugu wa nani, alichungulia mlangoni akasema huyo lazima aingie, basi atolewe mmoja asiyejulikana. Kisha akaenda zake. Kazi chafu huachiwa aliyekaa mbele ya kompyuta.

Wasiojulikana walikuwa watatu. Mpiga ngoma, ambaye mjane wake alileta picha mwenyewe, ameizungushia kitambaa isikunjike. Bibi mwitikiaji wa nyimbo, ambaye wajukuu zake walikuwa wameshaketi ukumbini. Na Besi. Mhariri angemtazamaje yule mjane? Na akimbakiza wa kwao, kazini wangesema kajipendelea. Akajikaza kisabuni, akabonyeza, Besi akafutika. Mara mbili alitoa simu ampigie mama, mara mbili akairudisha mfukoni. Huo ulikuwa woga, tusimpambe.

Kwaya ikaimba. Nyuso thelathini zikapita, ukumbi mzima umesimama, na mhariri akalia peke yake kwenye chumba cha mitambo kwa uchungu ambao hakuupata hata siku ya mazishi.

Matangazo ya biashara yalipoanza tu, simu ikaita.

"Nisamehe, mwanangu," mama alisema. "Sikumwona."

Kabla mhariri hajauliza kitu, mama akaendelea:

"Machozi yaliniwahi. Nikavua miwani niifute, na majirani nao wakaniinamia kunibembeleza, hakuna aliyetazama. Kuivaa tena, picha zimekwisha. Wewe umehangaika vile, mimi nikaharibu."

Hapo ndipo pa kusema ukweli, na alikuwa nao ulimini. Lakini mama alikuwa anamwomba msamaha yeye, na hilo lilimkata maini.

"Hujaharibu, mama."

"Alipendeza?"

"Alipendeza. Alikuwa anacheka."

Mama akageuka kuwaambia majirani kwamba mwanawe alikuwa anacheka, na mhariri akawasikia wakifurahi pamoja naye. Kisha akarudi kwenye simu, sauti imepata nguvu.

"Basi usiumie. Wametangaza kesho mchana wanarudia kipindi chote. Nitasogea karibu kabisa na kioo, baba. Kesho silii."