Maini ya Kumjaza Papa Hilaire Damu

Dereva Assumani alikuwa na ngiri ya miaka sita. Kila akikanyaga pedali ya ambreyaji ya Fuso yake, utumbo ulichungulia kinenani kama mgeni aliyechoka kungoja mlangoni. Mwisho dokta alimwambia bila kuzunguka: siku moja utumbo huo utajifunga ukiwa njiani kwenda Masisi, na hapo hutafika hospitali. Akamwandikia tarehe ya kupasuliwa, na kabla yake vipimo vya damu, vile vya kawaida tu.

Vipimo vikarudi vizuri. Sukari nzuri, figo nzuri, malaria hakuna. Assumani alikuwa ameshakunja karatasi aitie mfukoni, Léonie, mama wa labo, akamwambia angoje kidogo. Damu yake ni O negatif. Assumani akauliza kama huo ni ugonjwa. Léonie akasema hapana, ni bahati, ila ni bahati ya watu wengine: yeye anaweza kumpa karibu kila mtu, lakini mwenyewe hapokei isipokuwa kwa mwenye damu kama yake. Na dokta hashiki kisu kama mfuko mmoja wa akiba hauko kwenye frigo.

Akafungua daftari. Tangu mwaka uanze watu wa damu hiyo walikuwa watatu. Mmoja amehamia Kisangani. Wa pili ni mtoto wa miezi mitatu. Wa tatu anakaa Mapendo, avenyu ileile ya Assumani, anaitwa Hilaire.

Assumani akavaa kofia yake, akaenda nyumbani, akamwambia mke wake Shakila kwamba atazikwa na ngiri yake.

Huyo Hilaire alikuwa mzee wa Butembo, mjane, muuza maharagwe. Kati ya nyumba yake na ya Assumani palikuwa na ukuta wa mawe ya volkano. Lava ya 2002 ilifunika alama za viwanja, na waliporudi kujenga juu ya makoro, ile lava iliyoganda, kila mmoja alidai sentimita arobaini za mpakani ni zake. Tangu hapo hawakusemezana. Walizikiana watu, walichezeana arusi, lakini neno lilipitia kwa mtu wa tatu. Hata siku jiko la Assumani liliposhika moto, Hilaire alitembea mpaka kwa shefu wa avenyu kumwomba aje amwambie jirani yake anaungua.

Shakila alienda bila kuaga, akarudi na habari kwamba Hilaire amekubali. Assumani akaogopa. Mtu anayekukubalia upesi hivyo ana jambo.

Jambo likaonekana siku Hilaire alipopimwa. Damu yake ilikutwa ndogo: kumi na mbili, na mtoaji anatakiwa afikishe kumi na tatu. Léonie akasema hawezi kumtoa hata kijiko. Ale maini, ale mboga ya lengalenga, arudi baada ya wiki tatu. Hilaire akatuma ujumbe: tangu mke wake afe yeye anakula bugali na chai, basi kwa haki, mwenye kuingoja damu ndiye ailishe.

Kila siku saa saba akawa anakuja. Aliketi uso kwa uso na Assumani, sahani ya maini katikati.

"Mama Shakila," alisema siku ya kwanza, "umuambie bwana yako chumvi ni kidogo."

"Umuambie chumvi iko mbele yake."

"Umuambie mukono ya mugonjwa haifike mbali."

"Mugonjwa ni nani hapa?"

Shakila alisogeza chumvi, akasema siku atakayougua yeye, wazee hawa wawili watakufa na kiu pembeni ya jagi la maji.

Assumani akakosa usingizi. Malaria ikimpata Hilaire, wiki zote zimeharibika. Akavua chandarua chake akampelekea, akabaki yeye kuliwa na mbu. Alipomwona amepanda pikipiki bila kofia, alimtuma Shakila kukimbia nyuma na kofia mkononi. Avenyu nayo ikaingia: Hilaire akinyanyua gunia, alipokonywa, akijikata na wembe wakati wa kunyoa, walitokea watu watatu na pamba. Mzee akanenepa, akaanza kuchagua. Siku ya maini ya mbuzi alituma neno kwamba damu yake imezoea ya ng'ombe. Assumani, maana nyama haikutosha wawili, alikula sombe, majani ya muhogo, bila samaki, na kila kipande kilichoshuka koo la Hilaire alikiona kikiingia kwenye mfuko wake wa akiba.

Wiki ya tatu wakaenda labo, Shakila katikati. Damu ya Hilaire ilikuwa kumi na nne na nusu. Assumani akatoka ameinua karatasi juu kama mzazi ambaye mtoto wake amepata diploma ya serikali, na avenyu ikafanya inavyomfanyia mtoto aliyefaulu: Hilaire, miaka sitini na nane, alimwagiwa poda nyeupe tangu kichwani mpaka viatuni. Alisimama wima akiipokea. Akauliza wengine wamepata ngapi.

Siku ya kisu, Hilaire alitoa damu yake. Assumani akachomwa sindano ya mgongo, miguu ikaenda zake, kichwa kikabaki kusikia yote. Alimsikia dokta akisimulia mambo ya mpira. Na nyuma ya mlango alisikia sauti ya Hilaire ikimuuliza Shakila kila baada ya dakika: "Wamefika kwa damu yangu?"

Ngiri ikashonwa. Dokta akatoka akasema imekwenda vizuri sana, haikuhitajika damu hata tone.

Shakila akamshukuru Mungu. Hilaire akaingia mpaka kitandani, hakupitia kwa mtu.

"Wewe," alisema. "Damu yangu umeikataa?"

Assumani alimtafuta Shakila ampe jibu la kupeleka. Shakila alikuwa amefuata maji, au alijifanya.

"Sikuikataa. Hawakuniuliza."

"Wiki tatu nimekula maini. Nimemwagiwa poda mbele ya watu. Uwaambie wakuwekee."

"Wanasema niko na ya kutosha."

"Kidogo tu. Glasi moja."

Assumani akaona kweli ni aibu, kama kupikiwa chakula ukarudisha sahani imejaa. Akamwita muuguzi, akamwomba awekewe hata robo. Muuguzi akacheka, akaona hawacheki, akaacha. Akaeleza kwamba mfuko utakaa kwenye frigo siku thelathini na tano, kisha utatupwa.

Hilaire akaketi juu ya mguu wa Assumani, ambao haukujua.

"Na mimi nikigongwa?" aliuliza. "Nitapewa ya nani?"

"Ya nani tena kama si yangu."

Hilaire akamwinamia, akamvuta kope la chini kwa kidole, akakuta peupe, bila wekundu wa damu. Akatoka, akarudi amemshika Léonie mkono, na kidole cha Assumani kikachomwa palepale kitandani. Matokeo: kumi.

Hilaire aliisoma karatasi mara mbili.

"Mutu huyu anataka kuniua," alisema, akaenda kutafuta maini kabla soko halijafungwa.