Kiitikio cha Mtu Mmoja

"Kiitikio gani hicho cha kuimbwa na mtu mmoja?" Mama aliuliza tena, pasi ikiwa hewani. "Wenzako wawili wako wapi?"

"Leo hawahitajiki. Mlezi kaniita mimi tu."

"Mlezi. Angekuwa mlezi, angekulea mlango ukiwa wazi."

"Studio lazima mlango ufungwe, Mama. Kelele zinaingia."

"Basi mimi ndiyo kelele zenyewe."

Binti nusura acheke. Mtu mzima, mwimbaji, lakini aliutamani wimbo wake kama mjamzito anavyotamani udongo. Tangu aurekodi, kila akipita dukani na redio inaimba, hupunguza mwendo. Huenda leo ni zamu yake. Haijawa. Wimbo umelala kwenye kompyuta ya Mlezi, mwenye studio, na kila siku Mlezi husema kimebaki kiitikio tu.

Mama aliisimamisha pasi. Sauti yake ilishuka.

"Mwanangu, ulikuwa unaosha vyombo huku unaimba mpaka majirani wanakuitikia. Siku hizi unaviosha kimya. Mle ndani kuna nini?"

Binti alilitazama gauni lililokuwa likipigwa pasi, gauni lake la kwendea studio.

"Juu ya mlango kuna taa nyekundu. Ikiwaka hakuna anayethubutu kufungua, maana watu wanarekodi. Juzi Mlezi aliiwasha taa, Mama. Mashine hakuiwasha. Nilimsukuma nikatoka. Akasema nikiutaka wimbo, nitarudi mwenyewe."

Mama aliuchomoa waya wa pasi ukutani.

Simu ikaita. Alikuwa Mlezi. Binti akapokea, akaiweka mezani ili sauti isikike chumba kizima.

"Mrembo, umefika wapi? Taa nimeshawasha."

Aliufikiria wimbo wake, mistari aliyoitunga mikono ikiwa kwenye povu la sabuni, na kwamba huenda asiusikie tena maishani. Ulimuuma kama jino.

"Izime," alisema. "Leo narekodi kwingine."

"Kwingine wapi? Nani atakurekodi wewe?"

"Polisi. Kule nako wanarekodi. Maelezo."

Akakata simu, akalivaa gauni likiwa bado la moto. Mama alikuwa ameshavaa viatu, mkono uko kwenye kitasa.

"Tangulia," alisema. "Mimi naitikia."